Tovuti inafunguka, barua pepe haziingii

Wateja wetu wengi hawaji kununua jina la kikoa, yaani jina la tovuti kama lile linaloishia na .com. Jina wanalo tayari, tena wamelilipia. Wanakuja kwa sababu tovuti mpya inafunguka vizuri lakini barua pepe haziingii tangu jana, na hakuna anayejua kwa nini.

Sababu karibu kila mara ni ileile. Mtengeneza tovuti aliambiwa abadilishe seva za majina, yaani zile zinazojibu jina fulani liko kwenye seva ipi, akabadilisha. Huko kupya kuliwekwa rekodi moja tu, ya A, inayoelekeza jina kwenye anwani ya IP ya tovuti. Rekodi za MX, zinazosema barua pepe zipelekwe kwenye seva ipi, zilibaki kwenye seva za zamani ambazo haziulizwi tena. Rekodi ya TXT yenye SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako, nayo ikabaki hukohuko, kwa hiyo hata MX ikirudishwa, barua unazotuma zinaweza kuishia kwenye folda ya taka. Kurekebisha ni kazi ya dakika chache. Kinachokula muda ni kumsaka mwenye nenosiri la akaunti kwenye kampuni iliyosajili jina; mara nyingi mwenye nenosiri hilo ni mfanyakazi aliyeacha kazi zamani.

Biashara yetu imekulia hapo. Tulianza kwa kusajili majina, kazi yenye faida ndogo na washindani tele. Wateja ndio waliotusukuma: tushikieni na rekodi, tukumbusheni kulipia, tuhamisheni bila tovuti kuzimika.

Kuhama ndiko kunakohitaji umakini. Kila rekodi ina TTL, yaani idadi ya sekunde ambazo seva za watoa huduma wa intaneti zinaruhusiwa kukaa na jibu kabla ya kuuliza upya. TTL ya 86400 ni siku nzima. Ukihamisha tovuti leo asubuhi, wapo watakaoendelea kupelekwa kwenye seva ya zamani hadi kesho. Sisi huishusha hadi 300, dakika tano, angalau siku moja kabla. Ukiishusha saa ileile ya kuhama umeshachelewa, maana waliokwisha kuuliza wameondoka na TTL ya zamani.

Kuhusu kulipia, kwa ufupi: jina la .com likishafutwa kwa kutolipiwa lina siku 30 za kukombolewa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, halafu siku 5 ambazo hata mwenyewe hawezi kulirudisha. Baada ya hapo ni la atakayewahi.

Sasa neno ambalo muuzaji hapendi kulisema: usituachie kila kitu sisi peke yetu. Kampuni ya Dyn ya Marekani ilianza kama mradi wa wanafunzi wa chuo, ikakua hadi kuendesha seva za majina za Twitter. Tarehe 21 Oktoba 2016, kamera na rauta nyingi zilizoambukizwa programu hasidi ya Mirai zilizimiminia seva zake maombi, na kwa saa kadhaa watu wengi wakashindwa kufungua Twitter, Netflix na Spotify. Seva za Twitter zilikuwa nzima kabisa, ila aliyetakiwa kusema ziko wapi alikuwa amezidiwa. Yeyote aliyekuwa na seva za majina kwa watoa huduma wawili alibaki na upande wa pili wa kujibu.

Ndiyo maana anayetaka tunamwekea seva za pili kwa kampuni nyingine kabisa, na kila badiliko la rekodi linajinakili huko. Gharama inaongezeka. Kwa tovuti ndogo ya maelezo tu hatuishauri; kwa duka linalopokea oda usiku na mchana, tutakusumbua mpaka ukubali.

Ukitaka tulikague jina lako, tutumie jina lenyewe tu. Seva za majina na rekodi za MX ziko wazi kwa yeyote anayejua kuuliza. Anayekuomba nenosiri la akaunti yako ili afanye ukaguzi wa aina hii, mkatalie, hata akisema ametumwa na sisi.