Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyumba Tumelipa, Hati Hatujapewa

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum.

Naanza na lile ambalo kila mmoja wenu amekuja kuulizia. Hati za fleti zetu hazijatoka. Mwaka umemalizika na hakuna mwanachama hata mmoja, awe alilipa kwa mkupuo au kwa mafungu, aliyekabidhiwa hati yenye jina lake. Tulichonacho ni kile kile cha mwaka jana: barua ya toleo, mkataba wa mauziano na risiti za benki.

Kamati iliandika barua ikajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, jibu ambalo sote tunalijua kwa moyo. Tukaomba kikao na taasisi ya Serikali iliyotuuzia, tukapewa, na humo tukauliza suali moja tu: kiwanja kilichojengewa majumba haya kimesajiliwa kwa jina la nani? Siku ile hatukujibiwa. Jibu lilikuja baadaye kwa barua fupi, na naomba mlisikilize vizuri kwa sababu limebadilisha kazi yetu yote: kiwanja kizima hakijamaliza kupimwa, na muuzaji mwenyewe bado hana hati yake.

Wako watakaosema, Serikali inahitaji hati ya nini kwenye ardhi yake? Ni kweli kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992 imeshikilia hapo hapo. Mtu hamiliki udongo, anapewa haki ya matumizi, na haki hiyo ndiyo inayouzwa, inayorithiwa na inayowekwa rehani. Lakini ili nihaulishiwe mimi, yaani haki hiyo ihamishiwe kwangu, lazima kwanza iwe imeandikwa kwa jina la anayenihaulishia. Wazee wetu waliopewa majumba ya maendeleo wakati wa Mzee Karume, kule Michenzani na Kikwajuni na hapa Pemba pia, hawakununua, kwa hiyo suala lao ni jengine. Sisi tumetoa fedha.

Halafu kuna hili la ghorofa. Aliye ghorofa ya tatu hana kipande cha ardhi cha kukatiwa peke yake. Ndiyo maana ikapitishwa Sheria ya Kondominio Namba 10 ya 2010, inayomwezesha mtu kumiliki fleti yake pamoja na fungu lake katika ngazi, paa na uwanja. Inaanza, lakini, na ramani ya jengo zima kusajiliwa. Baada ya hapo ndipo kila uhamisho unapopita kwenye Bodi ya Uhaulishaji, chini ya sheria ya 1994, ukalipiwa ushuru wa stempu na kufika kwa Mrajis, yaani msajili wa ardhi.

Kwa hiyo faili lako halijakwama popote. Halijaanza safari. Nawaambia hasa wenzetu wanaopanda boti Mkoani na bahasha kwapani kwenda Unguja kufuatilia moja moja: nauli hiyo mnaitupa baharini. Na kwa waliofuatwa na watu wanaojidai kuwa na njia ya mkato, anayekuahidi hati ya fleti yako hali ramani ya jengo haijasajiliwa anakuuzia karatasi. Msimpe mtu yeyote mkataba wenu wa asili. Toeni kopi.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni mirathi. Mwaka huu tumezika wenzetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, na warithi wao wamenijia na mikataba mikononi. Mjane mwenye watoto ana thumuni yake, yaani moja ya nane, mtoto wa kiume ana fungu mara mbili ya la dada yake. Hesabu hizo kadhi anazimaliza asubuhi moja. Tabu inaanza pale familia inapotaka kuuza wagawane, au mmoja anapotaka kubaki na kuwalipa wenziwe. Fleti isiyo na hati haina bei, ina makisio tu. Aliye ndani anasema ni ndogo, aliye nje anasema ni kubwa, na ndugu waliolelewa chumba kimoja sasa wanapelekeana salamu kupitia kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Muuzaji akiambiwa haya hujibu kwamba ni mambo ya familia. Mimi sikubaliani naye. Hati ingekuwepo, ugomvi mwengine usingezaliwa. Kamati imefungua daftari la warithi, na tunaomba kila familia iliyofiwa imletee katibu hati ya kifo na majina ya warithi, ili siku ya kuandikisha lisiandikwe jina la marehemu peke yake.

Waliokwisha kuuziana kwa karatasi ya sheha na mashahidi wawili nao waje. Simlaumu mtu, shida zina sababu zake, lakini kwa muuzaji wa kwanza mnunuzi huyo hajulikani.

Kuhusu benki sina refu: wanataka hati iliyosajiliwa ndipo wakopeshe kwa rehani ya nyumba, na hatuna.

Michango imeshuka. Hesabu atazisoma mshika fedha, mimi nasema neno moja tu. Wako wanaokataa kuchangia taa za ngazi na kunyonywa kwa karo, shimo letu la maji machafu, kwa hoja kwamba nyumba bado ni za Serikali. Masika yaliyopita karo lilipofurika, maji yale hayakuuliza nani ana hati. Isitoshe, chini ya kondominio kazi hizo zitakuwa zetu wenyewe kisheria. Ni bora tuzizoee sasa.

Liko la kutia moyo. Baada ya kikao kile wapimaji walikuja, na bikoni, zile alama za mipaka, zimewekwa pembe tatu za kiwanja. Ya nne inaangukia kwenye banda la jirani yetu, mtu muungwana, na mazungumzo naye yanaendelea vizuri. Namsihi kijana aliyemtolea maneno siku ile asirudie.

Sasa hoja. Baadhi yenu mnataka twende mahakamani kesho. Nahofu kesi itampa muuzaji kisingizio cha kusimamisha upimaji na kutwambia jambo liko mbele ya hakimu. Kamati inapendekeza tuweke wakili mmoja kwa niaba ya sote, amwandikie muuzaji kumtaka aseme kwa tarehe lini atasajili kiwanja, lini ataleta ramani ya majengo, na nani atalipa gharama za uhaulishaji, maana mkataba wetu haukusema. Tarehe hizo zikipita bila kitu, wakili awe na idhini ya kufungua shauri bila kuitisha mkutano mwengine. Hilo linahitaji mchango maalumu, ambao mshika fedha ataueleza. Naiweka hoja mezani. Mimi naiunga mkono, na nafasi ya kusema iko kwenu.