Rangi ya maziwa nyumba nzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatetee wanaopaka nyumba nzima rangi moja iliyofifia, kwani kila jambo hili linapozungumzwa husemwa kwamba nyumba ya namna hiyo inafanana na wodi ya hospitali. Mimi naishi Magomeni katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na madirisha yanayotazamana na ukuta wa jirani.

Zamani kila chumba kilikuwa na rangi yake, na ukumbi ulipakwa rangi ya mafuta ya kahawia hadi usawa wa kiuno ili uchafu usionekane. Mwanga wa mlango wa mbele uliishia hatua chache tu, na taa iliwashwa tangu saa nane mchana. Tulipopaka kote rangi ya maziwa, yenye umanjano wa mbali kama maziwa yaliyodondoshewa chai, mwanga ule ule ulifika hadi mlango wa uani, na mama yangu, ambaye macho yake yamepungua nguvu, sasa huchambua mchele ukumbini bila taa mpaka jua linapokaribia kuzama. Ukuta wa rangi nzito humeza mwanga, huu wa rangi ya maziwa huurudisha.

Hata hivyo, nyeupe kabisa siipendekezi, kwa sababu penye jua kali huumiza macho, na katika chumba kisichopata jua huonekana ya kijivu. Ni vema kupaka kwanza kipande chenye ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, katika chumba chenye mwanga na katika kile chenye giza, kikatazamwa asubuhi, mchana na usiku chini ya taa, ndipo ndoo zinunuliwe. Karibu na swichi, wanapopitisha mikono watoto, iwe rangi inayovumilia kufutwa kwa kitambaa chenye maji, si ile inayobaki viganjani kama chaki. Ukuta unaotoa chumvi, na katika mji wetu wa pwani ni wengi, ukwanguliwe na kukaushwa kwanza, wala kazi hiyo isifanywe wakati wa masika.

Sisi tulikosea jambo moja. Ndoo ya lita 20 ilituishia katikati ya ukuta wa ukumbi, tukarudi dukani kununua galoni ya rangi yenye jina lile lile. Ilipokauka, mstari wa wima ulionekana wazi kando ya mlango wa chumba cha tatu, kwa kuwa lilikuwa toleo jingine, yaani rangi iliyotengenezwa kiwandani kwa mkupuo tofauti, na fundi akalazimika kuurudia ukuta wote kutoka kona hadi kona. Kwa hiyo nawaomba wenye maduka ya rangi waandike kwenye risiti namba ya toleo iliyo kwenye ndoo, na wanapochanganya kwa mashine waandike pia vipimo vya mchanganyiko, ili mteja anayerudi baada ya mwaka kuziba alama ya kiti ukutani apate rangi ile ile aliyoondoka nayo.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam