Krismasi ya watoto haianzi tarehe 25

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wazazi wenzangu wa Mbeya na nyanda za juu kusini kwa ujumla, hasa wenye watoto wadogo, hawa wa chekechea mpaka la tatu hivi. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na sisi wazazi ndo tuko bize kuliko mwezi mwingine wowote maana mvua zimeanza, mahindi yanataka palizi, mwenye duka anafukuzia wateja wa sikukuu, mwenye ajira anafunga mahesabu ya mwaka. Naelewa kabisa. Ila kinachoniuma ni kwamba mtoto anaambiwa "subiri Krismasi" tangu siku aliyofunga shule, halafu hiyo Krismasi yenyewe inakuja kuwa siku moja tu, nguo mpya, kanisani, pilau, soda, jioni anapelekwa kwenye bembea anapanga foleni kwenye tope mpaka giza linaingia, anarudi analia kwa uchovu, kesho yake anaambiwa imeisha. Na wiki zote za kabla ya hapo alikuwa wapi? Mbele ya TV au ameshikishwa simu ili atulie.

Jamani, raha ya mtoto mdogo iko kwenye kungojea. Makanisa yetu yanalijua hilo, ndo maana kuna Majilio, Jumapili nne nzima za kungojea, na huku kwetu si jambo la juzi, Wamoravian wako Rungwe tangu 1891 na wazee wetu wamekua nalo. Sasa kwanini tunaliacha kanisani? Nyumbani kwangu tuna chupa ya plastiki na bakuli la maharage, kila jioni kuanzia tarehe moja Desemba watoto wanadumbukiza punje moja, wanahesabu zilizoingia na wanahesabu siku zilizobaki, wanabishana, wanamwaga wanaanza upya. Mdogo amejua kuhesabu kupita kumi kwa njia hiyo na hakuna aliyekaa kumfundisha. Jumapili jioni tunawasha mshumaa, mmoja, wiki ijayo miwili, mpaka ifike minne, tunaimba kidogo, tunazima. Kiberiti anashika mtu mzima na mshumaa hauachwi na watoto peke yao hata dakika moja, hapo sina mzaha.

Kuna hili la mazoezi ya sande skuli nataka niliseme kwa kirefu kidogo. Kila mwaka watoto wanaandaa igizo la kuzaliwa kwa Yesu, wanafanya mazoezi Jumamosi kwa Jumamosi na walimu wanaojitolea, na wazazi wengi tunatokea siku ya igizo tu, tena tumechelewa, tunanyanyua simu kurekodi. Mzazi mwenzangu, nenda kwenye mazoezi hata mara moja. Utamkuta Herode anacheka badala ya kukasirika, wachungaji wamevaa kanga za mama zao kichwani wanagombania fimbo, mamajusi wamesahau zawadi, na mtoto wako aliyepewa sehemu ya kusema neno moja anakutafuta kwa macho kama upo. Halafu usiku nyumbani mfanye hilo igizo sebuleni, baba awe ngamia, dada wa kazi awe malaika, mtoto ndo awe mwalimu anayewaelekeza, yaani hapo utaona anavyofurahi kuwaongoza watu wazima. Mavazi yenyewe ni kanga, shuka na taji la boksi. Wangu alikuwa kondoo na alikataa kuvua manyoya ya pamba mpaka wakati wa kulala.

Siku za mvua, na Desemba ya Mbeya mvua ni nyingi, ndo siku za kazi za mikono. Fito nyembamba za mianzi mnazifunga kwa uzi mnapata nyota, mnabandika karatasi za rangi kwa gundi ya uji wa unga wa ngano, inaning'inizwa mlangoni. Tawi la paina linasimama vizuri kwenye ndoo ya mchanga, wenzetu wa Mufindi na Njombe wamezungukwa na paina kila upande, ila muombeni mwenye shamba kwanza. Mapambo ni vizibo vya soda, makaratasi ya pipi, vipande vya vitambaa kwa fundi cherehani, na fundi mwenyewe ukimpelekea vitenge vya watoto mapema utakuwa umejiokoa maana wiki ya mwisho hata salamu hajibu. Na nguo hizo mwacheni mtoto aende Mwanjelwa achague mwenyewe kitambaa, kabla msongamano haujaanza, hata akichagua rangi usiyoipenda.

Mvua ikikatika jioni kumbikumbi wanatoka, na hapo sijui kama kuna mchezo unaoushinda huo. Washeni taa ya nje, wekeni beseni la maji chini yake, wanafuata mwanga wanadondokea kwenye maji, watoto wanakimbia huku na huku wanapiga kelele, halafu mnawakaanga bila mafuta, chumvi kidogo, mbawa zinapeperushwa kwenye ungo. Mkishakula mnakaa jikoni kwenye joto, "Kitendawili!" "Tega!" mpaka wasinzie. Hiyo jioni imekula shilingi ngapi? Hakuna.

Mwenye nafasi ya kutoka kidogo basi awatoe kabla ya sikukuu, barabara zikiwa hazijajaa. Sisi tuliwahi kuwapeleka watoto kuona kimondo kule Mbozi, barabara ya Tunduma. Ni jiwe la tani zaidi ya kumi, urefu kama mita tatu, sehemu kubwa ni chuma, lilidondoka kutoka juu, na mkubwa wangu akaliweka mkono akauliza kama hiyo ndo nyota ya mamajusi. Tukaongea mambo ya nyota njia nzima mpaka Uyole, na mpaka leo anapotazama angani usiku anauliza kama kuna nyingine inakuja. Kitulo nako msimu wa maua ndo umeanza, ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na wenyewe wanaita Bustani ya Mungu, ila kule juu ni baridi kweli na njia mvua ikinyesha inateleza, kwa mtoto mdogo sana chukueni makoti na msilazimishe.

Lingine nalisema kwa uchungu. Tabora mwaka 2008, siku ya Idd, watoto wengi walikufa kwenye ukumbi wa disko toto, walijazwa kupita uwezo wa ukumbi. Ndo maana sikukuu zikikaribia tunasikia polisi wakipiga marufuku disko toto. Lakini marufuku peke yake haimpi mtoto pa kwenda. Tukiweka furaha yote kwenye jioni moja, watoto wote wa mji watajazana sehemu moja kwa wakati mmoja, iwe ukumbini au kwenye bembea, na mtoto wa miaka minne atapotea kwenye ule umati huku mama yake amemkabidhi kwa kaka yake wa miaka tisa. Kwa hiyo naomba wenyeviti wa mitaa na wazee wa makanisa, viwanja vya shule na vya kanisa vifunguliwe Jumamosi hizi za Desemba, bila kiingilio, akina mama tupangiane zamu ya kuangalia, watoto wacheze rede, kombolela, wakimbize matairi, wajipikilishe. Na wasiachwe nje majirani zetu Waislamu, watoto wao na wetu wanacheza pamoja mwaka mzima na sahani za pilau zinapita ukuta kila sikukuu.

Kwako Mhariri ombi langu ni ukurasa mmoja wa Jumamosi, kuanzia sasa mpaka mkesha, uwe wa watoto. Vitendawili na majibu yake, picha ya kupaka rangi, hadithi fupi ya kusomewa kabla ya kulala. Gazeti linaingia nyumba nyingi huku na likishasomwa linaishia kufungia vitumbua, bora watoto walipate kwanza. Mkubwa wangu ameshaanza kutunga vitendawili vyake kwenye daftari, mkikubali tutavileta.

Mama watoto,
Uyole, Mbeya