Kwa vijana wa Likoni: mkitakiwa uhuru wenu, ulizeni mpaka lini

Wanangu,

Nawasikia barazani mkisema kafyu ya korona ilikuwa jambo jema, na kwamba maradhi mengine yakizuka Serikali ifunge tu, uhai kwanza. Kuhusu uhai sina ubishi. Nilivaa barakoa, nikasali nyumbani, na ningefanya tena.

Lakini mnasahau upesi. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, watu waliotoka kazini wakingoja feri papa hapa Mombasa walipigwa virungu na polisi na kurushiwa mabomu ya machozi kabla hata saa moja ya jioni, saa ya kafyu kuanza, haijafika. Wakakimbia wakisongamana na kukohoa, na eti hiyo ndiyo kinga! Rais Kenyatta aliomba radhi tarehe 1 Aprili. Hata hivyo, mwezi Juni IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi, ilikuwa ikitaja vifo 15 vilivyohusishwa na polisi. Chama cha Mawakili kilipokwenda Mahakama Kuu, jaji alisema kafyu ni halali ila nguvu ile ilivunja Katiba. Yote mawili ni kweli, na anayewataka mchague moja hawatakii mema.

Kinachonikera zaidi ni muda. Katiba yetu, kifungu cha 58, inaipa hali ya hatari siku 14 tu. Kuiongeza mara ya kwanza kunataka kura ya angalau theluthi mbili ya wabunge. Ila hali ya hatari haikutangazwa. Ilitumika sheria ya utulivu wa umma, ya tangu enzi za mkoloni. Kafyu ikaongezwa na kuongezwa bila kura hiyo, hadi 20 Oktoba 2021. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Na waliolipa ni akina nani? Mama wa viazi karai ambaye biashara yake huanza saa za magharibi. Dereva wa tuktuk. Wengi wenu mnaosifu kafyu mlikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, kwa hiyo mlichokubali kutoa kilikuwa cha jirani.

Basi chifu akiwaita tena, na madaktari wakaeleza sababu mkairidhia, kubalini kafyu. Ila ulizeni inaisha lini, nani ataipitia kabla ya kuongezwa, na askari akimpiga mtu tutashtaki wapi. Majibu yaandikwe. Na mwenye chakula cha mwezi ndani asiwe wa kwanza kunyoosha mkono. Amwache mama wa viazi karai aseme kwanza.

Mzee wenu