Bougainville isiharakishe sarafu yake

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu maandalizi ya uhuru wa Bougainville, visiwa vilivyo chini ya Papua Guinea Mpya, ambavyo wapiga kura wake zaidi ya asilimia 97 walichagua kujitenga mwaka 2019. Naomba kugusia suala la sarafu peke yake.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na siku tisa baadaye ikaanza kutoa pauni yake, ilhali karibu mapato yote ya serikali yalitokana na mafuta yanayopita katika mabomba ya Sudan. Ulipozuka mzozo wa ada ya kupitisha mafuta hayo, visima vikafungwa Januari 2012 na pauni changa ikabaki bila fedha za kigeni za kuitegemeza. Sisi wa Lamu tunalijua jambo hili kwa karibu, kwani bandari yetu ilikusudiwa kuwa njia mbadala ya mafuta hayo, na bomba lenyewe bado tunalisubiri. Kenya, kwa upande wake, ilijitawala Desemba 1963 lakini ikaendelea kutumia shilingi ya Afrika Mashariki hadi mwaka 1966, Benki Kuu ilipokuwa tayari.

Kwa hiyo, Bougainville iendelee kutumia kina, sarafu ya Papua Guinea Mpya, kwa mkataba wa maandishi na serikali ya nchi hiyo iliyoko Port Moresby, huku ikijenga idara ya kodi na kuweka akiba kutokana na kakao na mbata. Mgodi wa Panguna huko Bougainville, uliofungwa tangu 1989, usiingizwe katika hesabu hizo kabla haujaanza kutoa shaba.

Msomaji wenu,
Lamu