Siku 90 za notisi zinaishia kwenye droo

Mhariri,

Ubishi kuhusu taasisi za serikali kutumia mawakili wa kujitegemea au wanasheria wake wenyewe huwa tunauanzia mahakamani. Mimi ni mstaafu wa masjala katika halmashauri moja ya huku Nyanda za Juu Kusini. Majalada yaliyopita mikononi mwangu yalinionyesha kuwa kesi nyingi zilikuwa zimeshaharibika kabla wakili yeyote hajavaa joho.

Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inamtaka mdai atoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Tangu marekebisho ya 2020 sharti hilo linazihusu pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa hiyo mtu wa Kyela anayeidai halmashauri pesa zake za mawe na kokoto hawezi kwenda mahakama ya wilaya iliyo karibu naye. Inabidi apande hadi Mbeya mjini. Wa Kilolo anakwenda Iringa. Tumewatwisha wananchi mzigo huo kwa maelezo kwamba serikali inahitaji muda wa kujipanga. Haya, muda wenyewe tunaufanyia nini?

Kule nilikokuwa, notisi iligongwa muhuri, ikapanda kwa mkurugenzi, ikateremka kwa ofisa sheria ikiwa na neno moja pembeni: "Shughulikia." Ofisa huyo ana sheria ndogo za kuandaa, mikataba ya kupitia, na wenyeviti wa vijiji wanaomsubiri barazani tangu asubuhi. Akitaka jalada la zabuni, anaambiwa liko kwa mhandisi, na mhandisi yuko saiti. Akiomba gari akaone mpaka unaogombewa, gari limeshachukuliwa kwa maandalizi ya Mwenge (sitanii). Miezi mitatu inapita hivyo hivyo. Deni ambalo lingemalizwa kwa kikao kimoja na mkandarasi linageuka shauri, likiwa na riba na gharama juu yake. Hapo ndipo mtu anasimama kwenye kikao na kusema wanasheria wetu hawawezi, tutafute wakili wa nje.

Sina ugomvi na mawakili wa kujitegemea. Wengi wao wanasimama mahakamani karibu kila siku, na yapo mambo, kama usuluhishi wa kimataifa, ambayo kuyajua kunataka miaka. Lakini wakili wa nje hupewa kazi shauri likiwa tayari lipo. Hakuna aliyemlipa ampigie mzabuni simu siku ya ishirini ya notisi na kumwuliza atakubali kulipwa kwa awamu. Hiyo ni kazi ya mtu aliye ofisini, anayejua ni nani aliyesaini hati ya kupokea mzigo.

Chukueni mgogoro wa vijiji vya Mbarali na mipaka ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, uliotokana na Tangazo la Serikali Na. 28 la 2008. Mambo ya namna hiyo yanategemea ramani, bikoni (alama za mipaka), na kumbukumbu za kijiji zinazoonyesha nani alilima wapi na tangu lini. Wakili akitoka Dar es Salaam na begi lake, awe wa kujitegemea au wa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, inayoitetea serikali mahakamani na iliyoanzishwa mwaka 2018, atategemea karatasi alizoandaliwa na watu wa hapa. Zisipokuwepo, hata akiwa hodari namna gani atabaki kuomba ahirisho.

Hata kesi kubwa zinasema hivyo hivyo. Julai 2023 baraza la usuluhishi la ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, liliiamuru Tanzania iilipe kampuni ya Indiana Resources na wenzake zaidi ya dola milioni 109 kwa leseni ya nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea. Mwaka uliofuata pande mbili zikamalizana kwa dola milioni 90. Chanzo kilikuwa mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 na kanuni za 2018 zilizofuta leseni za aina ile. Swali la gharama ya kuzifuta lilipaswa kuulizwa na kujibiwa mwaka ule ule wa 2017.

Ninachowaomba madiwani wetu ni kidogo. Katika kila kikao cha robo mwaka cha Baraza, mkurugenzi asome mezani orodha ya notisi zilizopokelewa: tarehe ya kupokelewa, tarehe ya kujibiwa, na kama mdai aliitwa kuzungumza. Pale wakili wa nje alipokodiwa, kiasi alicholipwa kiandikwe mbele ya jina la shauri. Na ofisa sheria apewe gari.

Mstaafu wa masjala,
Rujewa, Mbarali