Kuhusu Zile Picha za Kisiwani

Tampere, Ufini
Mwishoni mwa Julai

Kwa Kaka mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Wifi na watoto, na kwa namna ya pekee zimfikie Bibi, ambaye nakuomba umsomee barua hii kwa sauti, isipokuwa ile sehemu ya sauna ambayo utaitambua mwenyewe utakapoifikia. Mimi ni mzima wa afya, kazi inaendelea, na sina hofu ila juu yenu.

Ama baada ya salamu, habari za kikao cha Jumapili zimenifikia. Nimeambiwa kwamba Baba Mdogo alisimama mbele ya ukoo, akaipitisha simu yake mkono kwa mkono, akawaonyesha picha yangu nikiwa gatini na taulo begani, kisha akasema kwamba mtu anayecheza na kuogelea siku ya kazi hawezi kudai hana fedha za bati za kuezekea nyumba ya Bibi. Shangazi naye, kwa nia njema sina shaka, akauliza kama bado nimeajiriwa. Ningeweza kupiga simu nikayamaliza siku ileile, lakini maneno ya simu hugeuzwa kabla hayajafika mlango wa pili, nami nataka haya yawepo kwa maandishi ili atakayetaka kuyanukuu ayanukuu kama yalivyo.

Siku ile ilikuwa siku ya kazi, na nililipwa kama siku nyingine yoyote. Huku waajiri wengi hutenga siku ya kuwatoa wafanyakazi wao nje, wakacheze na kupumzika pamoja, na jambo hilo huhesabiwa kuwa sehemu ya kutunza afya ya anayefanya kazi. Sisi tunaohudumia wazee hatuwezi kuondoka wote kwa mkupuo, kwa hiyo tunagawanywa makundi mawili: kundi moja likienda kucheza, jingine linabaki kuwaogesha, kuwalisha na kuwapa dawa, na baadaye tunabadilishana. Nauli ya boti ililipwa na mwajiri, na chakula vilevile. Baba Mdogo atakapopiga hesabu ya gharama za starehe ile, kwenye safu yangu aandike sifuri.

Hali kadhalika ile picha ya bwawa la ndani aliyoifukua kutoka miezi ya baridi. Sheria ya kodi ya hapa inamruhusu mwajiri, akipenda, kumpa mfanyakazi hadi euro 400 kwa mwaka za michezo na utamaduni pasipo kutozwa kodi, lakini kwa sharti kwamba zisigeuzwe kuwa fedha taslimu. Nisipokwenda kuogelea, hazihamii kwenye mshahara wangu, wala hazipandi ndege kuja kuezeka nyumba ya Bibi, zinapotea tu. Nimelieleza hili mara kadhaa kwenye simu na kila mara naambiwa kwamba hakuna fedha isiyogeuka. Ipo, na ndiyo hiyo.

Sasa niwasimulie siku yenyewe, maana mmeioneshwa vipande vipande na mtu asiyekuwepo.

Tulipandia boti gati ya Laukontori, katikati ya mji, na baada ya dakika ishirini hivi tukashuka Viikinsaari, kisiwa kidogo chenye misitu na viwanja katika Ziwa Pyhäjärvi. Mji huu umekaa kati ya maziwa mawili, na lile la kaskazini, Näsijärvi, liko juu kuliko hili la kusini kwa mita 18. Maji yanayoshuka katikati ya mji ndiyo yaliyoendesha viwanda vya nguo na karatasi enzi hizo. Asubuhi tulicheza pesäpallo, mchezo wa gongo na mpira ambao Mfini Lauri Pihkala aliutunga miaka ya 1920 baada ya kuitazama besiboli ya Wamarekani na kuigeuza. Mrushaji hasimami mbali akikulenga. Anasimama pembeni yako, anaurusha mpira juu wima, nawe unaupiga unaposhuka. Kisha unakimbia kwa kukata kona, kwanza upande wa kushoto, halafu unavuka kwenda kulia. Mbio zangu zilisifiwa. Kuhusu upigaji wangu, tuendelee na mengine.

Mchezo wa mchana ndio uliozaa picha ambayo Baba Mdogo hakuionyesha, ile niliyoinua kipande cha mti juu ya kichwa. Unaitwa mölkky. Ulibuniwa mjini Lahti na kuanza kuuzwa mwaka 1996, ukitokana na mchezo wa kale wa Karelia uitwao kyykkä. Vigingi kumi na viwili vya mti husimamishwa vikiwa vimebanana, kila kimoja kimekatwa mshazari kichwani na kuandikwa namba, kuanzia 1 hadi 12. Unasimama umbali wa mita tatu na nusu, unarusha kigogo kwa kuupitisha mkono chini, si juu ya bega. Ukiangusha kigingi kimoja, unapata namba iliyoandikwa juu yake. Ukiangusha zaidi ya kimoja, unapata idadi yao tu. Hivyo mwenye nguvu na papara anayesambaratisha vigingi sita anaondoka na pointi sita, huku aliyekigusa cha 12 peke yake akiondoka na kumi na mbili. Kilichoanguka husimamishwa palepale kilipoangukia, kwa hiyo vigingi huzidi kutawanyika kadiri mchezo unavyosonga. Mshindi ni wa kwanza kufikisha 50 kamili. Ukizidisha, unarudishwa 25. Ukikosa mara tatu mfululizo, kaa pembeni.

Msimamizi wetu, mama mtaratibu ambaye kazini hakuna dakika inayompotea, alikuwa na 46 na alihitaji 4 tu. Kigogo chake kikadunda kwenye mzizi, kikakipita cha 4 kikiwa kinatikisika, kikaenda kukiangusha cha 10 ambacho hakuna aliyekuwa anakifikiria. Alirudi 25 bila kusema neno. Mimi nilikuwa na 43. Cha 7 kilikuwa kimesimama nyuma ya cha 9, kando ya nyasi ndefu, na kutoka pale niliposimama nilikiona nusu tu. Mwenzangu Mwestonia akaninong'oneza nikirushe kigogo juu zaidi, kishuke kwa ncha badala ya kuviringika. Nikafanya hivyo. Kilipita juu ya cha 9 bila kukigusa, kikashukia ukingo wa cha 7, na kigingi kikalala upande kama mzee aliyechoka. Wenzangu walisimama wakisubiri kuona kama cha 9 nacho kitaanguka, kwa sababu kingeanguka ningepata mbili badala ya saba. Hakikuanguka. Wafini si watu wa makelele, lakini siku ile walipiga makelele, na wazee wawili waliokuwa wakivua samaki upande wa pili wa gati waligeuka kutazama kulikoni.

Kombe ni la plastiki, sikatai. Limewekwa kwenye chumba chetu cha chai, na jina langu limeandikwa pale pasipo kosa hata moja la herufi, jambo ambalo hati yangu ya mshahara haijawahi kulifanikisha. Nakuomba Kaka jambo hili la kombe ulisome polepole, na kama Shangazi yupo ulirudie.

(Hapa Bibi apewe chai.) Baada ya michezo watu waliingia sauna, wanawake zamu yao na wanaume zamu yao, na desturi ni kwamba kila mtu huingia kama alivyozaliwa. Joto linafika nyuzi themanini au zaidi, mtu mmoja anakaa karibu na jiko akimwagia maji mawe ya moto, mvuke unapanda, na mnakaa kimya mkitiririka jasho hadi mmoja asimame, ndipo mnashuka gatini na kujitosa ziwani. Mimi niliingia na khanga yangu na hakuna aliyeniuliza. Maji ya ziwa mwezi Juni ni baridi hata jua likiwaka. Ile picha ya taulo ilipigwa dakika ileile nilipotoka majini, na kama Baba Mdogo angeikuza badala ya kuipitisha tu, angeona meno yangu yanagongana.

Mnaweza kuuliza kwa nini watu wazima wenye kazi zao wanauchukulia mchezo kwa uzito namna hii. Mwezi Juni hapa jua huzama karibu saa tano za usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi za alfajiri, na ikifika Desemba mchana wote ni saa tano na ushei, tena mara nyingi chini ya mawingu. Mtu wa hapa akiona jua hafungi mlango. Ya Desemba sitayasimulia. Ninachosema ni kwamba tuliporudi na boti ya jioni kulikuwa bado kweupe, wenzangu wamejinyoosha kwenye mabenchi wakiota mwanga, nami moyo wangu ukahama. Kwa sababu nyumbani magharibi inapoingia Bibi huhesabu vichwa, na asiyeonekana anatafutwa. Huku hakuna giza la kumwita mtu ndani, na usipoonekana, watu wanadhani unaendelea kufurahi.

Lakini hata hao wa kwenye benchi msiwachukulie kirahisi. Usiku ule habari ya Baba ilipofika, zamu yangu ilichukuliwa na yule Mwestonia aliyeninong'oneza mbele ya vigingi, bila mimi kumwomba, na alikuwa ametoka zamu ya mchana. Tulizoeana kwenye michezo kama hii, si kwenye korido, kwa kuwa koridoni kila mtu anakimbizana na kengele ya mgonjwa. Kwa hiyo anayesema kwamba naipoteza siku yangu kurusha vijiti na wageni, aelewe pia ni nani aliyewezesha mimi kukaa kwenye simu na ninyi hadi asubuhi.

Nikishagusa hilo, niliseme na lile la njia, ingawa najua litamuudhi Baba Mdogo. Huku kuna haki ya kila mtu kupita katika msitu wa mwingine kwa miguu au kwa baiskeli, kuchuma matunda ya mwituni na uyoga, hata kulala usiku mmoja kwenye hema, bila kuomba ruhusa ya mwenye ardhi, ilimradi usiharibu, usiwashe moto na usiingie uani kwake. Jumamosi iliyopita tulikwenda wanne kutoka kazini kuchuma yale matunda madogo ya buluu kwenye msitu ambao hata sikuuliza ni wa nani. Mwenyewe alitupita akiwa na mbwa wake, akatuelekeza penye matunda mengi zaidi. Nilirudi na ndoo imejaa na vidole vyeusi, na nilipokuwa nasafisha matunda yale jikoni nilikuwa nawaza ule mti ambao Baba Mdogo ameukingamisha kuziba njia ya kisimani, na Bibi anavyozunguka hadi kwa jirani na ndoo kichwani. Kama fedha zangu zinajadiliwa kwenye kikao cha ukoo, basi na mti ule ujadiliwe kwenye kikao hichohicho, na iandikwe kwamba mimi ndiye niliyeuleta.

Sasa bati. Huku makubaliano ya vyama vya wafanyakazi katika sekta nyingi humpa mtu nyongeza ya likizo, ambayo kwa kawaida ni nusu ya mshahara wake wa siku za likizo. Wenyewe wananieleza kwamba ilipoanza ilikuwa ya kumshawishi mfanyakazi arudi kazini likizo ikiisha, kwa kuwa siku zile Wafini wengi walikuwa wakihamia Uswidi kutafuta maisha. Kumbe nao waliwahi kuwa ughaibuni, na sina shaka nao waliandikiwa barua za bati. Yangu imeingia juma hili, na imeingia kwa ajili hiyo. Ndiyo maana pia sitakuja mwaka huu kama nilivyomwahidi Bibi. Nauli na paa havikai kwenye mfuko mmoja, na paa haliwezi kusubiri mvua za vuli. Mwambie wewe, kwa maneno yako, usimsomee sehemu hii.

Fedha nitaituma kwenye namba yako wewe, si kwa Baba Mdogo, na si kupitia kwa mtu mwingine yeyote atakayesema nimemruhusu. Nunua bati za geji 28, usikubali kuuziwa nyembamba zaidi kwa maneno ya fundi, pamoja na kofia na misumari yake. Papi zilizooza zibadilishwe kabla bati halijapanda, na kenchi zikaguliwe zote, hasa upande wa chumba cha Bibi ambako maji yamekuwa yakiingia. Fundi alipwe nusu akianza na nusu akimaliza. Risiti zote uzipige picha unitumie mimi kwanza, kisha uziweke kwenye kundi la familia, ili wanaopenda picha wazitazame na hizo.

Mwezi ujao kundi letu lina zamu ya kwenda kupiga makasia Näsijärvi. Nitapiga picha, na nitazituma.

Wako mdogo wako,
wa Tampere